Juisi ya Balungi na Felodipini: Historia ya Ugunduzi wa Mwingiliano

Historia ya felodipini, dawa inayoshusha shinikizo la damu kwa kutanua mishipa, inadhihirisha kwamba hatari huweza kujificha katika kitu kisichotiliwa shaka. Mwaka 1989, David Bailey na wenzake, katika mji wa London, Ontario, Kanada, waliripoti jaribio lililokusudiwa kupima athari ya pombe kwa dawa hiyo. Juisi ya balungi ilitumika kuficha ladha ya pombe tu. Hata hivyo, kiwango cha dawa katika damu kilipanda kupita matarajio, hata pasipo pombe. Jaribio la mwaka 1991 lilithibitisha kwamba kisababishi kilikuwa balungi, wala si chungwa.

Tafiti zilizofuata zilibainisha kwamba viambato vya tunda hilo huzima CYP3A4, kimeng'enya cha utumbo kinachovunja sehemu kubwa ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Kwa kuwa mwili huhitaji muda kuunda kimeng'enya kipya, kupishanisha saa za dawa na tunda hakutoshi: shinikizo laweza kushuka mno na mgonjwa akapata kizunguzungu. Kwa hiyo, usalama wa dawa hii hauamuliwi na kipimo kilichoandikwa pekee, bali pia na kile kilichomo mezani mwa mgonjwa.