Uyoga wa dawa na fangasi: kinga inapanda kweli?

Swali la unga wa uyoga linazidi kuja, hasa kutoka Mbeya na Iringa: eti kopo moja linapandisha kinga mpaka fangasi wanakimbia? Uyoga wa kwenye vichuguu tunaujua sote, mvua zikianza ni mboga safi kabisa. Huu wa kopo ni habari nyingine.

Wauzaji hawajatunga kila kitu. Uyoga una sukari inayoitwa beta-glukani, na sukari hiyo hiyo iko kwenye ukuta wa fangasi wengi, maana uyoga wenyewe ni fangasi (unakula ndugu wa adui yako!). Chembe nyeupe za damu zina kipokezi, dektini-1, kinachoinusa beta-glukani na kupiga king'ora. Gordon Brown na Siamon Gordon wa Oxford walikitangaza 2001. Mwaka 2009 ikaripotiwa familia moja ya Uholanzi yenye hitilafu kwenye kipokezi hicho: fangasi wa ukeni na wa kucha walikuwa wanawarudia kila mara. Kwa hiyo king'ora kipo kweli. Ila kukipiga maabara siyo kumponya mgonjwa wa Mwanjelwa au Ilula.

Japani waliidhinisha lentinani, ya uyoga wa shiitake, mwaka 1985. Lakini hiyo ni sindano, inaenda pamoja na dawa za saratani ya tumbo. Siyo ya fangasi, na siyo kijiko kwenye chai.

Sasa fangasi anayeua ni kriptokokasi, yule wa homa ya uti wa mgongo kwa mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka sana, hasa chini ya 100. Huyu jamaa mjanja. Kavaa koti zito la utelezi juu ya ukuta wake, beta-glukani imefichwa, dektini-1 inapata shida kumwona. Na CD4, ambazo ndizo zinaamrisha mapambano, zimeisha. Unga utamwamsha nani? Kwetu hili siyo la kuchezea: utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima Iringa, na 9.3 Mbeya.

Kilichopimwa kwa watu kikasaidia ni hiki. Utafiti wa REMSTART, ukiongozwa na Sayoki Mfinanga wa NIMR, ulichukua watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200, Dar es Salaam na Lusaka. Waliopimwa damu mapema kutafuta kriptokokasi (kipimo cha CrAg) na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za ARV, walikufa 13 kati ya 100 ndani ya mwaka. Wengine walikufa 18. Matokeo yalitoka 2015.

Kinachopandisha CD4 ni ARV, na zinatolewa bure. Kama una VVU na kichwa kinauma siku kadhaa, homa, shingo imekaza au unaona mawenge, nenda hospitali leo, uliza CrAg. Kopo nalo libebe ukamwonyeshe daktari, maana baadhi ya uyoga huu unaweza kuongeza kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.