Udongo, Miti na Sauti ya Wanawake: Funzo kutoka Kenya

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, katika historia ya Kenya, utunzaji wa ardhi na haki za wanawake ni mambo yasiyotengana. Tutatazama vipindi viwili: upinzani wa wanawake wa Murang'a katika miaka ya 1940, na kazi ya Green Belt Movement iliyoanza mwaka 1977. Katika kipindi cha kwanza wanawake walikataa kazi ya kuhifadhi udongo. Katika cha pili waliifanya kwa hiari. Hata hivyo twaona kwamba dai lao lilikuwa moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliagiza matuta yachimbwe katika miteremko ya Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo, ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini chanzo chake kimojawapo, yaani kubanwa kwa Waafrika katika maeneo finyu huku walowezi wakishika ardhi nzuri, hakikuguswa. Kazi yenyewe ilikuwa ya lazima, nayo iliwaangukia hasa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta ajira. Mwaka 1947 na 1948 wakagoma. Watawala waliwahesabu kuwa wakaidi. Kumbe walikataa kutumikishwa katika jambo ambalo hawakushirikishwa kuliamua.

Wangari Maathai alizaliwa Nyeri mwaka 1940, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza upungufu wa kuni, maji safi na chakula bora. Haja hizo zote zilitokana na ardhi iliyovuliwa miti. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Baadaye vikundi vya wanawake vilianzisha vitalu vyao wenyewe, ingawa baadhi ya mabwana misitu walidhani kazi hiyo ni ya wenye vyeti tu. Kila mche uliostawi baada ya kupandwa uliwapatia malipo madogo. Kufikia mwaka 2004 miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Mikono ilikuwa ile ile ya wanawake wa vijijini. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Aliyejifunza kuamua juu ya mche hakosi kuuliza juu ya msitu. Mwaka 1989 Maathai alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Bungeni alibezwa, hata talaka yake ikafanywa hoja. Lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alijiunga na akina mama waliofunga kula katika bustani hiyo wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi walipowatawanya kwa nguvu, baadhi ya akina mama walivua nguo zao, tendo ambalo kwa mila ni laana. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Waanglikana, likawapa hifadhi, nao wakaendelea kudai haki humo hadi mwaka 1993. Januari 1999 Maathai alipigwa na kujeruhiwa akitetea Msitu wa Karura. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011.

Kanisa limo ndani ya historia hii kwa pande mbili. Liliwafungulia akina mama mlango; lakini zamani wahubiri wengi waliufundisha umati kuudharau mti wa mugumo kama alama ya upagani, na heshima iliyoulinda ikapotea. Mwanzo 2:15 yasema juu ya kulima bustani na kuitunza pamoja. Katika sharika zetu wanaolima na kupanda kwa sehemu kubwa ni wanawake. Hatuna budi kujiuliza kama wanaketi pia pale mashamba ya usharika yanapoamuliwa. Wakiitwa kuchimba mashimo tu, tutakuwa tumerudi Fort Hall ya mwaka 1947, hata kama kazi tunayoifanya ni njema.