Dhamana Isiyo na Mshahara: Wasiwasi wa Wanaojitolea Shuleni Katika Historia ya Shinyanga na Geita

Dhamana ya shule isiyo na mshahara, yaani kazi ambayo mtu huipokea kwa ridhaa yake au kwa kuchaguliwa na wenzake, akaifanya kando ya shamba, mifugo au biashara yake, imekuwa nguzo ya elimu katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa vizazi kadhaa. Historia ya elimu ya Tanzania imeandikwa zaidi kwa hesabu za madarasa, walimu na waliofaulu mitihani, na kwa sababu hiyo jambo moja ambalo kila aliyewahi kushika dhamana hiyo analifahamu limebaki pembeni, nalo ni wasiwasi: woga wa kushindwa, hofu ya kuaibika mbele ya watu anaoishi nao, na uchovu wa kuwajibika kwa kazi ambayo haijulikani inaishia wapi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wasiwasi huo ulipanda na kushuka kulingana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, na kwamba jamii za eneo hili zilikuwa na maarifa yao ya kuupunguza muda mrefu kabla ya serikali kuanza kuwategemea watu wanaojitolea.

Eneo linalozungumziwa limebadilika mipaka mara kadhaa. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa mpana kuliko ulivyo sasa hadi mwaka 2012, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipoingizwa katika Mkoa mpya wa Simiyu na Bukombe ikapelekwa katika Mkoa mpya wa Geita, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imetoka Mwanza. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, pamoja na Wasumbwa, Wanyamwezi na, tangu machimbo ya dhahabu yalipopanuka, watu kutoka karibu kila pembe ya nchi.

Katika vijiji vya Usukuma vya enzi za watemi, yaani watawala wa jadi ambao mamlaka yao yaliondolewa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963, vijana walikuwa na jumuiya yao iliyosimamia kazi za pamoja kama kulima, kupalilia, kuvuna na kujenga. Kiongozi wa jumuiya hiyo aliitwa nsumba ntale, maana yake kijana mkuu, na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni na kuchapisha kitabu chake juu ya utemi wa Kisukuma mwaka 1951, alieleza kwa kirefu nafasi ya viongozi hao katika maisha ya kijiji. Nsumba ntale hakulipwa mshahara. Alichaguliwa na watu wa kijiji, akapanga zamu za kazi, akasuluhisha magomvi, akawatoza faini waliokwepa, na lawama ya kazi iliyoharibika ilimfikia yeye kwanza. Hata hivyo mzigo wake ulikuwa na kuta nne: kazi zilijulikana kwa majira, wasaidizi walikuwapo, faini iliwabana wazembe kwa niaba yake, na waliomchagua waliweza kumwondoa, jambo ambalo kwa kiongozi aliyechoka lilikuwa pia mlango wa kutokea kwa heshima.

Mfano wa pili, ambao pengine unafundisha zaidi, ni wa vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika, vilivyoshindana hadharani baada ya mavuno, kila kimoja kikijaribu kuuvuta umati wa watazamaji upande wake. Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo za ngoma, alisimama mbele ya mamia ya watu huku akijua kwamba umati ukimhama, kushindwa kwake kutaonekana kwa macho na kusimuliwa mwaka mzima. Wasukuma hawakumtaka ajifanye hana hofu. Walikubali kwamba hofu ipo na kwamba ina namna yake ya kushughulikiwa: manju alijifunza chini ya manju aliyemtangulia, alifanya mazoezi na kundi lake kwa majuma mengi, na alitafuta samba, dawa ya kuvuta umati na kujikinga na hila za wapinzani. Msomaji wa leo anaweza kuwa na maoni yake kuhusu nguvu ya dawa hiyo, lakini thamani ya desturi nzima haikutegemea mizizi pekee, kwa kuwa ilimpa mtu mwenye dhamana ruhusa ya kukiri woga wake kwa wakubwa wake bila kudharauliwa, na ilimhakikishia kwamba haendi uwanjani peke yake. Ruhusa hiyo ndiyo iliyokosekana mara nyingi shule zilipokuja kuomba watu wa kujitolea.

Wamisionari walipita njia ya katikati. Makatekista, yaani waumini waliofundisha dini pamoja na kusoma na kuandika katika vijiji vilivyokuwa mbali na misheni, walifanya kazi kwa malipo kidogo sana au bila malipo, lakini walikuwa na padri au mchungaji wa kumrudia, ratiba ya ibada iliyopanga siku zao, na imani iliyoipa kazi yao maana.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kampeni ya kufuta ujinga, kama ilivyoitwa rasmi kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takribani asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ukahudumia mikoa ya Ziwa ikiwamo Shinyanga, na ukaeneza kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa, yaani kisomo kinachofundishwa pamoja na maarifa ya kazi ambayo mwanafunzi anaifanya kila siku. Kwa mkulima wa Maswa au Geita kazi hiyo ilikuwa pamba, na vitabu vya kwanza vya kusomea vilijengwa juu ya kilimo cha pamba, ufugaji, uvuvi na malezi ya nyumbani. Katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 1970 Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 mkutano mkuu wa chama tawala, TANU, ukaagiza kwamba ujinga uwe umefutwa nchini kote kufikia mwisho wa 1975.

Agizo la namna hiyo halikuweza kutekelezwa na walimu walioajiriwa peke yao. Walioubeba mzigo ni walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, waliopewa mafunzo mafupi, kitabu cha mwongozo na posho ya shilingi 30 kwa mwezi, kiasi ambacho kilikuwa ishara ya shukrani kuliko ujira. Ni muhimu kutafakari kijana huyo aliombwa kufanya nini. Katika Usukuma mtoto hufundishwa kupiga goti anapomwamkia mzee, na neno la mzee halipingwi hadharani. Sasa alasiri, watu wakishatoka shambani, kijana wa miaka 17 au 18 alisimama mbele ya baba zake wadogo, mama zake wakubwa na wazee wa ukoo, akishika chaki, akiwaambia kwamba herufi waliyoiandika si sahihi. Alifundisha kwa Kiswahili watu ambao wengi wao waliishi maisha yao yote kwa Kisukuma. Aliwajibika kwa mahudhurio wakati wa palizi na wakati wa kuvuna pamba, majira ambayo darasa hubaki na watu wachache, na alijua kwamba mwisho wa yote kungekuwa na mtihani wa taifa, uliofanyika Agosti 1975, ambao ungepanga wanakisomo katika ngazi nne na kumhesabu kuwa amefuzu yule tu aliyefika ngazi ya tatu au ya nne. Mtihani ulikuwa wa wanafunzi, lakini kijiji kizima kiliusoma kama mtihani wa mwalimu.

Mambo matatu yaliufanya wasiwasi huo ubebeke, na yote yanafanana kwa njia ya kushangaza na mpango wa zamani wa jumuiya za vijana. Kwanza, mwongozo ulimpa mwalimu hatua za kila somo, na kwa kuwa somo lilianza na mazungumzo juu ya pamba au ng'ombe, wazee walianza kipindi wakiwa wajuzi na kijana akiwa msikilizaji, kisha zamu ikageuka walipofika kwenye herufi. Heshima ya pande zote mbili ilisalimika. Pili, madarasa yalikuwa na kamati zilizowahusisha wanakisomo wenyewe, kwa hiyo kumfuata mzee aliyeacha kuhudhuria lilikuwa jukumu la mzee mwenzake. Tatu, kulikuwa na sauti iliyotoka nje ya kijiji kumuunga mkono mwalimu: vipindi vya redio, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambamo watu wapatao milioni mbili nchini walikutana katika vikundi kusikiliza redio na kujadili kinga ya magonjwa chini ya viongozi wa kujitolea, na gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lililoanza kuchapishwa Mwanza mwaka 1974 kwa wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa. Mwalimu aliyesikia redioni jambo alilokuwa analifundisha alipata uthibitisho kwamba hakulibuni yeye. Kitaifa, idadi ya wasiojua kusoma ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na chini ya asilimia 10 mwaka 1986, na ingawa takwimu hizo zinahusu nchi nzima, ni ushahidi wa haki juu ya kazi ya vijana ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Hali ilikuwa ngumu zaidi pale serikali ilipoongeza mzigo juu ya mzigo. Mwaka 1974 ndio mwaka wa Operesheni Vijiji katika Shinyanga na Geita, ambapo maelfu ya kaya zilihamishiwa katika vijiji vipya, mara nyingi kwa shuruti, na mwezi Novemba mwaka huohuo Azimio la Musoma liliagiza kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyofahamika kwa herufi UPE, ifikiwe mwaka 1977. Waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa wingi kuwa walimu, wakajifunza ualimu vijijini huku tayari wanafundisha, na kwenda chuoni kwa wiki chache tu mwishoni mwa mafunzo ya miaka mitatu. Hawa walikuwa waajiriwa watarajiwa na si watu wa kujitolea kwa maana kamili, lakini wanastahili kutajwa hapa kwa sababu jina la mwalimu wa UPE liligeuka kuwa neno la kudharau, na dharau hiyo ilikuwa dhuluma. Kijana aliyekabidhiwa darasa kubwa katika kijiji ambacho nyumba zake zilikuwa hazijaezekwa, bila mwongozo wa karibu kama ule wa kisomo, alibebeshwa aibu ya mpango ambao hakuupanga.

Dhamana nyingine ikapanda hadhi miaka 25 baadaye. Kamati ya shule, chombo cha wazazi na walimu kinachotambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ilipewa kazi nzito na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006, ujulikanao kama MMEM. Ada ilifutwa, wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaongezeka kutoka takribani milioni 4.8 mwaka 2001 hadi milioni 7.5 mwaka 2005, na fedha za ruzuku na ujenzi zikapelekwa katika akaunti za shule. Mkulima aliyezoea kuitwa kwenye kikao cha kupanga siku ya kufyatua matofali akajikuta anajadili zabuni, stakabadhi na taarifa za mapato na matumizi zinazopaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hofu ya zamani ya kuaibika ikaongezewa hofu ya kushtakiwa. Kanuni ya kubandika hesabu hadharani, ambayo wanakamati wengi wangeweza kuiona kama mtego, kwa kweli ilikuwa kinga yao, kwani fedha iliyoonekana na wote haikuwa siri ya mwenyekiti peke yake.

Katika ukanda wa dhahabu tatizo lilichukua sura yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa miaka ya 1960, lakini uchimbaji mdogo ulipanuka kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, na mgodi mkubwa mpya wa Geita ukazinduliwa mwaka 2000. Pale dhahabu inapoonekana hutokea rashi, yaani mmiminiko wa ghafla wa wachimbaji, na kitongoji kinaweza kujaa watu kabla ya serikali kupanga shule. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliyaweka chini ya utaratibu wa halmashauri matumizi ya fedha za migodi kwa huduma za jamii, na madarasa mengi yamejengwa kwa fedha hizo, lakini darasa halijifundishi. Ndipo zilipoenea shule shikizi, yaani madarasa ya muda yaliyofunguliwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu hadi shule mama, na wanaofundisha humo mara nyingi ni wahitimu wa vyuo vya ualimu wanaosubiri ajira, wakipata posho inayotegemea wazazi. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016 michango ya lazima imekatazwa, uamuzi uliowaokoa watoto wengi waliokuwa wakifukuzwa, lakini posho ya mwalimu wa kujitolea ikabaki ikitegemea hiari ya wachimbaji wanaoweza kuhama wote ndani ya mwezi mmoja pale duara, yaani shimo la kuchimbia, linapokauka.

Upande wa Shinyanga, programu ya EQUIP-Tanzania, iliyofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 na kuhusisha mkoa huo miongoni mwa mingine, ilianzisha Ushirikiano wa Wazazi na Walimu katika shule na mafunzo ya utayari wa shule, ambamo wanakijiji waliochaguliwa na jamii zao waliwaandaa kwa majuma kadhaa watoto waliokuwa hawajapata elimu ya awali, wakitumia hadithi, nyimbo na michezo katika Kiswahili, lugha ambayo wengi wa watoto hao hawakuizungumza nyumbani. Mpango huo ulirudisha kile ambacho walimu wa kisomo walikuwa nacho: mwongozo wa kila siku, muda wenye mwanzo na mwisho, na mwalimu wa shule jirani wa kuulizwa. Mwalimu wa shule shikizi ya machimboni hana uhakika wa hata kimoja kati ya hivyo. Shule ikisajiliwa na kupelekewa walimu walioajiriwa, darasa alilolianzisha linaendelea chini ya mtu mwingine, naye anarudi kwenye foleni ya waombaji wa ajira akiwa na barua ya utambulisho ya mwalimu mkuu, iwapo mwalimu mkuu aliyekuwapo alikumbuka kumwandikia.