OK: utani wa Boston ulioenea duniani

Machi 23, 1839, gazeti la Boston Morning Post lilimpiga kijembe mhariri wa gazeti moja la mji wa Providence. Katikati ya kijembe hicho zikachomekwa herufi mbili, o.k., zikifuatwa na ufafanuzi: "all correct", yaani kila kitu sahihi.

Lakini hakuna hata neno moja kati ya hayo mawili linaloanza kwa o au k. Utani wenyewe ulikuwa hapo. Waandishi wa Boston siku hizo walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na ili mambo yakolee waliyaendeleza vibaya makusudi: "oll korrect". Walikuwa pia na o.w., kifupi cha "oll wright". Hiyo leo hakuna anayeikumbuka.

OK nayo ingezikwa kama si siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akiwania kipindi cha pili. Alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Mjini New York wakaunda hata chama cha kumpigia debe, O.K. Club. Wapinzani hawakukaa kimya. Wakavumisha kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia na kumlea kisiasa, alikuwa mbumbumbu wa tahajia kiasi kwamba akiidhinisha nyaraka alitia OK akidhani ndiyo "all correct". Uzushi mtupu, ila ulinoga. Van Buren akabwagwa na William Henry Harrison, huku herufi zile zikiwa zimeshasambaa kila kona.

Baadaye wapiga telegrafu wa reli wakazichukua kuthibitisha kwamba ujumbe umefika.

Kufikia hapo utani wa Boston ulikuwa umesahaulika, na kila mtu akalitafutia neno ukoo wenye heshima zaidi. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh", akiamini limetoka kwa Wachoktaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Ubishi huo ulidumu miongo mingi, hadi Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia alipopekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964 katika jarida la American Speech. Ushahidi wake ulielekea Boston, kwenye mzaha ule ule. Waliotaka asili tukufu zaidi hawakufurahi, na wapo wanaobisha hadi leo.

Kompyuta nazo zina kisa chao. Apple ilipokuwa ikitengeneza kompyuta ya Lisa, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Wakati wa majaribio, baadhi ya watu walikisoma "Dolt", mpumbavu, na mmoja akahamaki akiuliza kwa nini mashine inamtukana. Wahandisi wakabadilisha, wakaweka OK. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, kitufe hicho kinasomeka Sawa.