Nyuma ya Bampa

Bampa la nyuma la gari la mjomba nililipasua mwenyewe, nikirudi kinyumenyume Butiama bila kuona kisiki. Ufa ulikuwa mfupi kama kidole. Fundi wa Bunda aliujaza pati, akapiga msasa, akapuliza rangi. Likang'aa. Kabla ya mwezi kuisha pati ikabanduka kama gome.

Mzee niliyempelekea Musoma hakumcheka mwenzake. "Mwanangu, sisi tulifundishwa bati," alisema.

Land Rover zilizoanza kuundwa 1948 zilikuwa na bampa la chuma. Likipinda, linanyooshwa kwa nyundo. Mwaka 1954 Mwitaliano Giulio Natta akatengeneza polipropilini, plastiki iliyomsaidia kupata Tuzo ya Nobel 1963 pamoja na Karl Ziegler. Mwaka 1968 Pontiac GTO ya Marekani ikatoka na bampa la mbele linalobonyea na kurudi. Hatimaye plastiki ikashika magari mengi duniani. Kwetu, biashara ilipolegezwa baada ya Mwalimu Nyerere kung'atuka urais 1985, njia ikafunguka kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Yalikuja na mabampa yake, ila hayakuja na darasa.

Mzee alifungua bampa, akaligeuza, akanionyesha herufi: PP+EPDM. Ni polipropilini iliyochanganywa na mpira.

"Hii inapinda. Pati ya bati haipindi. Lazima ziachane."

Akaliosha kwa sabuni, maana nta na mafuta hukataa kila kitu. Akatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee. Kwa nyuma akachimba mfereji, akauyeyushia kipande cha bampa bovu lenye herufi zilezile. Mbele akajaza pati laini ya plastiki, akapiga msasa mkwaruzo hadi ule laini, akapuliza praima ya plastiki, ndipo rangi.

Katika vitabu ninavyosoma, kulegezwa kwa biashara ni sera na takwimu za forodha. Sijakutana na ukurasa unaomtaja mtu ambaye ujuzi wake wa nyundo ulipungua thamani bila yeye kukosea lolote.

Nikamuuliza nani alimfundisha plastiki.

"Mabampa yaliyonirudia," alisema. "Kila lililorudi nililifanya upya bure."