Bibi, migomba na barua za Kampala

Wadau, nimerudi kutoka Rubafu. Nimekuja na kisa.

Mwaka 1968 UNESCO na serikali yetu walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, kwa mikoa ya ziwa, ikiwemo Ziwa Magharibi (ndiyo Kagera ya leo). Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mzima hakai darasani kwa kuimba irabu, mpe linalomgusa. Basi vikaandikwa vitabu vya kujifunzia kusoma kupitia pamba, uvuvi, na kwa sisi Wahaya, migomba! Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mtihani wa taifa wa 1975 ukakuta 39.

Nikamuuliza bibi kama ni migomba iliyompeleka darasani. Akacheka sana.

"Mjukuu wangu, migomba naijua kuliko mwalimu."

Kumbe babu alikuwa kibaruani Kampala. Barua zake alizisoma kijana wa jirani, kwa sauti, na kufikia jioni kijiji kizima kinajua babu kaandika nini. Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka bibi darasani.

Mimi mwaka jana nilikaa semina siku 3, projekta na posho juu. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Nakumbuka posho tu.

Barua bibi bado anazo. Nimeomba nizione, amekataa katakata.