Kidudu Kinachongoja Joto la Mwili

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

   Fungueni kitabu mahali palipoandikwa somo hili, mfuate maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Aliye mwepesi wa kusoma amngoje mwenzake.

Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya mapigano. Ni historia ya kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kiletacho maradhi ya kuhara damu. Tutaona jinsi watu walivyokitambua, na jinsi ilivyowachukua karibu miaka mia moja kujua kinafanya nini kinapoingia mwilini mwetu.

Tuanze hapa nyumbani. Wengi wenu mnakumbuka mwisho wa mwezi wa Aprili, 1994, au mmesimuliwa na wazazi wenu. Nchini Rwanda kulikuwa na vita na mauaji. Tarehe 28 Aprili watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kwa wingi usiopata kuonekana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikisia kwamba kwa muda wa saa 24 tu walivuka watu wapatao 250,000. Wakaketi Benaco, kando ya barabara kuu, mahali penye bwawa.

Hebu fikirini. Ukipata wageni kumi nyumbani kwako, unahangaika na maji. Je, wageni 250,000? Wote walitaka maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia. Tena, tusione haya kulisema, wote walitaka choo.

Maradhi ya kuhara damu yalikuwa yakizunguka katika nchi hizi kabla ya siku hiyo. Mwaka 1979 yalizuka kaskazini-mashariki ya Zaire, nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka huko yakaenea mpaka Rwanda, Burundi na Tanzania. Wakimbizi waliposongamana kambini, maradhi yakapata njia nyepesi. Mtu huanza kwa homa na msokoto wa tumbo, kisha huenda chooni mara nyingi, na katika choo huona damu na kamasi. Watoto wadogo na wazee ndio wanaoumia zaidi.

Kidudu chenyewe ni nini? Hapa yatupasa kwenda mbali, mpaka Japani.

Mwaka 1897 kuhara damu kulienea sana Japani. Waliougua walikuwa wapatao 90,000, na katika kila watano walioshikwa, mmoja au zaidi alikufa. Daktari kijana, jina lake Kiyoshi Shiga, alichukua choo cha wagonjwa akakitazama kwa darubini, akakiotesha. Akakuta kidudu kilekile kwa mgonjwa huyu na yule. Kidudu hicho kikaitwa shigela, kwa jina lake. Ndicho hichohicho kilichokuwa kikiwatesa watu wa Maziwa Makuu karibu miaka mia moja baadaye.

Miaka michache kabla ya Shiga, huko Ujerumani, waganga walikuwa wamekwisha kukitambua kidudu cha homa ya matumbo, yaani taifodi. Eberth alikiona mwaka 1880, na Gaffky akakiotesha mwaka 1884. Vidudu hivi viwili ni jamaa wa ukoo mmoja. Vyote hutoka katika choo cha mtu na kuingia katika kinywa cha mtu, kwa njia ya maji, chakula na mikono.

Basi jina la adui lilijulikana. Lakini swali moja lilibaki bila jibu. Kidudu kikiwa ndani ya maji au juu ya kucha ya mtu, kimetulia. Kikiingia tumboni kinapenya ukuta wa utumbo na kuujeruhi mpaka damu inatoka. Je, ni nani anayekiambia kwamba sasa kimefika?

Jibu lilianza kupatikana mji wa Paris, Ufaransa. Kila kiumbe, mtu au mgomba au kidudu, amebeba ndani yake maagizo aliyorithi kwa waliomtangulia. Maagizo hayo huitwa jeni. Mwaka 1961 wataalamu wawili, François Jacob na Jacques Monod, walieleza kwamba kidudu hakitumii jeni zake zote kwa wakati mmoja. Nyingine huzifunga, nyingine huzifungua, kwa kufuata hali ya mahali kilipo. Kwa kazi hiyo, pamoja na mwenzao André Lwoff, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1965.

Jambo hili si gumu kulielewa. Wewe mkulima una jembe, panga na mwavuli. Hutoki nyumbani umevishika vyote. Wakati wa kupalilia unachukua jembe, na mvua ikinyesha unafungua mwavuli. Kidudu nacho ni hivyohivyo. Silaha zake kimeziweka ghalani mpaka saa ya kazi.

Mwaka 1984, huko Marekani, mtaalamu Maurelli na wenzake walichukua jamaa mmoja wa shigela wakakiotesha mahali pawili. Pa kwanza palikuwa na joto la nyuzi 30. Pa pili palikuwa na nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa mtu mzima wa afya. Vile vya nyuzi 30 havikuweza kuingia katika chembe za mwili. Vile vya nyuzi 37 viliingia. Tena vile vilivyokuwa baridini, vilipohamishiwa penye joto, baada ya muda navyo vikaingia.

Mnaona, ndugu zangu? Joto la mwili wetu ndilo linalokiambia kidudu kwamba kimefika. Penye baridi, uzi wa jeni zake hupindwa na kufungwa kama kamba yenye fundo. Penye joto la mwili fundo hulegea, jeni hufunguka, na kidudu hutengeneza silaha za kupenyea ukuta wa utumbo.

Kidudu cha taifodi kina dalili zake nyingine. Kikimezwa na chembe za mwili zilizowekwa kuua vidudu, huonja ukali wa tindikali na uhaba wa chumvi fulani humo ndani, kisha hufungua jeni za kukisaidia kuishi humohumo alimo adui yake. Zamani mambo hayo yalichunguzwa katika vyombo na katika wanyama tu. Mwaka 2011 watafiti wa Dhaka, Bangladeshi, pamoja na wenzao wa Marekani, walitangaza kwamba wamezisoma jeni zilizokuwa zikifanya kazi katika kidudu cha taifodi ndani ya damu ya wagonjwa wenyewe. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimezidi, kimo ndani ya damu.

Pengine mmoja wenu anauliza, mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Ngara na Biharamulo? Yanatuhusu sana. Nchi yetu ni ya vilima, na maji ya mabondeni ni ya baridi. Mtu huteka, huonja, husema, "Maji haya ni matamu, hayana neno." Lakini ubaridi wa maji si ushahidi wa usafi wake. Kidudu kilichomo kimenyamaza kwa sababu hakijapata joto. Kwa shigela, vidudu 10 tu vyaweza kumwuguza mtu mzima. Huwezi kuviona, wala kuvinusa, wala kuvionja.

Na dawa je? Dawa zipo, nazo zimeokoa wengi. Lakini kidudu kina urithi mwingine. Katika miaka ya 1950 Wajapani walikuta shigela ambazo dawa nne hazikuziweza. Mwaka 1959 ikajulikana kwamba kidudu kimoja chaweza kumpa jirani yake jeni za kushinda dawa, kama mtu anavyomwazima mwenzake ngao.

Matunda machungu ya jambo hilo yalionekana Goma mwezi wa Julai, 1994. Huko waliingia wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000. Ardhi ilikuwa mwamba wa volkano, haichimbiki vyoo, na watu wakanywa maji ya Ziwa Kivu bila kusafishwa. Kwanza kikaja kipindupindu, kisha kuhara damu. Shigela za hapo zilishinda dawa nyingi za kawaida. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Ngara nako watu waliugua na wengine walikufa. Lakini vifo havikufikia kamwe kiasi cha Goma. Kwa nini? Mashirika ya msaada yalikuwa yamekwisha kufika wilayani, kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokuja tangu Oktoba, 1993. Maji ya bwawa la Benaco yalivutwa kwa mashine, yakasafishwa na kugawiwa. Udongo ulichimbika vyoo. Maji hayakuwa mengi, wala vyoo havikuwa vizuri, lakini njia ya kutoka choo kwenda kinywani ilizibwa kwa sehemu, na watu wengi wakapona.

Hilo ndilo fundisho la somo letu. Kidudu kikiisha kufika penye joto la mwili, kazi imekuwa ngumu, na huenda hata dawa isifae. Kikizuiwa nje, jeni zake zote ni bure. Ni kama mwizi aliyekuja na panga kiunoni akakuta mlango umefungwa.

Basi mlango huo tuufunge. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, kisha yahifadhi katika chombo chenye mfuniko. Chimba choo mbali na kisima, ukitumie, na watoto wakitumie. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna, kila utokapo chooni, na kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto. Ukiona damu katika choo usikae nayo nyumbani kwa haya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kituo cha afya upimwe. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha, na dawa uliyopewa na mganga imalize kama alivyokuagiza.

Kwa leo tuishie hapo. 

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kidudu cha kuhara damu kiliitwa shigela kwa sababu gani?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi joto la mwili linavyokiamsha kidudu hiki.
3. Kwa nini wakimbizi wengi zaidi walikufa Goma kuliko Ngara?
4. Maji ya kunywa ya kijiji chenu yanatoka wapi? Choo kilicho karibu nayo kiko hatua ngapi? Nendeni mkahesabu, kisha andikeni jibu katika daftari.